Mama Minza na Cherehani cha Ofisini

Siku ya kuniaga kwenye kiwanda cha samaki nilipewa saa ya ukutani. Nilishukuru, na bado nashukuru, ingawa nilijiuliza ni nani aliyefikiri kwamba mtu anayeanza kupumzika ndiye anayehitaji kujua saa. Baada ya soda na picha, mabinti wa meza za minofu walinizunguka wakitaka niseme neno. Nilisema machache tu. Mengine ndiyo haya. Niliishia darasa la saba huko Ukerewe, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Afisa utumishi wenu wa sasa ameniomba niandike kuhusu zawadi za wafanyakazi, zipi zilifaa na zipi hazikufaa, maana amesikia kwamba mimi nimeziona zote. Ni kweli nimeziona. Lakini siwezi kuzieleza bila kumweleza Mama Minza, ambaye tulimzika mwaka jana.

Nilivuka ziwa kutoka Nansio, bandari ya kwetu Ukerewe, nikiwa na mfuko mmoja na anwani ya shangazi yangu aliyekuwa akiuza nyanya Mkuyuni. Wiki hiyohiyo akanipeleka kiwandani. Siku ya kwanza walinipa mabuti meupe yaliyonizidi, kofia ya kufunika nywele, aproni ya plastiki na kisu chembamba. Hakuna aliyeniambia kuhusu baridi. Nimezaliwa kando ya ziwa na nilidhani naijua baridi ya maji, lakini baridi ya chumba kilichojaa sangara juu ya barafu ni ya aina nyingine. Inaanzia kwenye vidole vya miguu, na ukifika wakati wa chai huna hakika kama kikombe umekishika au kimekushika.

Wanaume walikata sangara na kutoa minofu. Sisi wanawake tulisimama kwenye meza za mbele yao, kazi yetu ikiwa kuisafisha: kutoa miiba iliyobaki, mafuta mekundu, damu na vipande vya ngozi, kisha kuipanga kwenye trei. Mkubwa wa meza yetu alikuwa Mama Minza, Msukuma wa Magu, mfupi, mwenye mikono mipana kama ya mwashi. Nilimsalimia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akatazama mkono wangu.

"Wewe wa wapi?"

"Ukerewe, mama."

"Huko kisiwani hamna visu?"

"Vipo."

"Hamvitumii basi. Hicho umekishika kama mwiko wa ugali."

Meza nzima ilicheka, na utani wa mwiko ulinifuata mpaka nilipokuwa na wajukuu. Lakini kabla ya jioni alikuwa amenifundisha mambo mawili ambayo niliyatumia miaka yangu yote. La kwanza, kisu hakisukumwi. Ukiona unasukuma, kinoe. La pili, mwiba hautafutwi kwa macho. Alinifanya nitazame ukutani huku nikipitisha kidole juu ya mnofu, polepole, kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani. Macho yanadanganywa na taa, alisema. Kidole hakina cha kukidanganya.

Meza yetu ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Tuliiita kufunga meza. Aliyemaliza kreti yake hakuosha aproni akaondoka. Alivuta minofu kutoka kreti ya aliyechelewa, na wa tatu naye akavuta, mpaka kreti zote zikawa tupu, ndipo tukaenda kunawa pamoja. Nilipomuuliza Mama Minza nani aliianzisha, alisema kwao watu wakiitana kulima shamba la mwenzao, hakuna anayeweka jembe begani wakati jirani yake bado yuko katikati ya tuta. Alishangaa kwamba swali lenyewe lipo.

Siku hizo zawadi zilikuwa chache na hazikuwa na jina. Meneja wa zamani, mzigo ukiisha mapema, alituma maandazi. Wakati mmoja umeme ulikatika kutwa nzima, jenereta likagoma, na barafu ikaanza kuyeyuka huku kreti zimejaa mpaka mlangoni. Tulifungua milango mikubwa tukasafisha kwa mwanga wa jua, hakuna aliyekwenda kula. Hakuna samaki aliyetupwa siku ile. Meneja alisimama mlangoni, akavua kofia yake, akasema asanteni mama zangu, akaondoka. Nimepokea vitu vingi baada ya hapo, lakini kofia ile mkononi mwake naikumbuka kuliko kilo zote za sukari tulizogawiwa baadaye.

Nilipofanywa msimamizi wa meza zile, kazi yangu ikawa kupima trei na kukagua usafi. Mama Minza alibaki pale pale na kisu chake, na akaendelea kuniita mwiko.

Ndipo akaja Ezekieli. Alikuwa afisa utumishi kijana kutoka Dar es Salaam, msomi na mwenye adabu. Nawaomba msiniletee maneno ya kumcheka, kwa sababu alikuwa mtu mwema na mengi aliyoyasema yalikuwa kweli. Alisema watu wanafanya kazi vizuri zaidi wanapoona kazi yao inaonekana. Nani atapinga hilo? Akaanzisha mfanyakazi bora wa mwezi. Mshindi wa kwanza, bila ubishi wa mtu, akawa Mama Minza.

Ezekieli alitaka kumheshimu kweli. Alimpiga picha, akaikuza, akaitia kwenye fremu nyeusi nzuri, akaitundika getini na kuizungushia maua meupe ya plastiki. Chini yake aliandika jina lake kamili. Sasa mnajua sisi huku, picha ya mtu kwenye fremu, imezungukwa na maua, tunaiona wapi.

Wa kwanza kuiona alikuwa wifi yake, aliyekuja asubuhi getini kununua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa. Beseni lilimwanguka. Hakumuuliza mlinzi, alilia tu na kupiga simu Magu. Kabla ya mchana gari dogo lilisimama getini likashusha ndugu waliojifunga khanga kiunoni, mchele, kuni na kuku wawili. Mjomba wake alikuwa ameshakodi turubai la msiba. Mlinzi alikuja mbio kuniita, nami nikamtoa Mama Minza nje na aproni yake, kisu mkononi.

Waliokuwa wanalia wakanyamaza. Yeye akaitazama picha, akayatazama maua, akawatazama ndugu zake mmoja mmoja.

"Kuku nimewaona," alisema. "Hao hawarudi."

Waliliwa siku hiyohiyo nyumbani kwake Kirumba, na waliokwenda walisema hawajawahi kuhudhuria msiba wenye kicheko kama ule. Ezekieli naye alikwenda kuomba radhi. Alikaa kwenye kigoda amejikunyata mpaka Mama Minza akamwekea paja la kuku na kumwambia, "Mwanangu, umenipa heshima kubwa. Umeiwahisha tu." Kesho yake maua yaliondolewa.

Hilo lilipita kwa kicheko. Lililofuata halikuwa la kucheka. Ezekieli alitangaza kwamba mwisho wa mwaka atakayekuwa amesafisha minofu mingi zaidi kwa uzito, bila mwiba, atapata cherehani kipya cha miguu. Kilikuja mapema, kikawekwa ofisini kwake dirishani, mahali ambapo kila anayekwenda kunawa alikiona. Wakati huohuo uongozi ulitangaza kwamba watakaokuwa chini ya kiwango mwisho wa mwaka hawataongezewa mkataba. Samaki walikuwa wamepungua ziwani, hilo tulilijua wote.

Mama Minza alikitaka cherehani kile. Alikuwa amebakiza muda mfupi kuacha kazi, na mpango wake ulikuwa kurudi Magu kushona sare za wanafunzi, kwa sababu kijiji kilikuwa na shule na hakikuwa na fundi. Hakusema sana, lakini mtu aliyekaa naye miaka mingi anajua. Alikuwa akipita ofisini kuulizia mambo ambayo hayakuwa na haja ya kuuliziwa, na akitoka, kiganja chake kilikuwa na vumbi alilolifuta juu ya cherehani.

Basi meza zikabadilika. Ezekieli alifurahi, maana uzito uliongezeka kweli, na mimi niliyepima siwezi kusema haukuongezeka. Lakini watu walianza kuchagua minofu mikubwa na kuwaachia wenzao midogo. Jiwe la kunolea visu, lililokuwa la wote, likaanza kufichwa chini ya aproni. Kufunga meza kukafa bila mtu kutangaza. Aliyemaliza alipimiwa, akaosha aproni, akaondoka akitazama chini.

Aliyeumia zaidi alikuwa Yunis. Huyu alikuwa mjane kijana, mwenye watoto wadogo, aliyesimama upande wa kushoto wa Mama Minza. Mwiba ulimchoma kidole cha shahada, kikatunga usaha, na kilipopona hakikukunjika tena. Usafi wake haukuwa na kasoro, ila mwendo wake ulikuwa nusu ya wengine. Zamani meza ingembeba na hakuna ambaye angejua. Sasa kila jioni mizani ilimtaja mbele ya watu.

Baada ya miezi michache nikaona uzito wa Yunis unapanda na wa Mama Minza unashuka. Nilisimama karibu nao, nikaona. Mama Minza alikuwa akimaliza mnofu, anausukuma kwa kiwiko mpaka kwenye trei ya Yunis, huku akiongea habari za mvua. Yunis hakuinua macho.

Wakati wa chai nilimfuata.

"Mama, nimeona."

"Umeona nini?"

"Minofu yako inavuka."

Alikunywa chai yake kwanza. "Mizani yako inasema uongo?"

"Uzito ni wa kweli. Jina si la kweli."

"Wewe pima uzito."

"Mama, mimi ndiye ninayeliandika jina. Nitamwambia Ezekieli."

Aliniangalia usoni. Hakuniita mwiko. Alisema, "Ukimfukuzisha huyu mtoto, usinisalimie tena," akamwaga chai iliyobaki na kurudi ndani.

Wengine wameniambia baadaye kwamba ningenyamaza. Sikuweza. Nilikuwa naandika majina yale kila jioni kwa mkono wangu, na kama ningeandika moja la uongo kwa huruma, ningeandika la pili kwa urafiki, na la tatu sijui kwa nini. Lakini sikwenda kwa Ezekieli kushitaki. Nilikwenda kumweleza meza.

Nilimwambia jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani. Nilimwambia kwamba zawadi yake imeongeza uzito na imeondoa kitu ambacho mizani haikipimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali zuri.

"Mama, nikizawadia meza nzima, mvivu si atajificha nyuma ya wenzake?"

"Atajaribu," nilisema. "Kwako anaweza kujificha. Kwa anayesimama naye bega kwa bega hawezi."

Kesho yake alivaa mabuti, akasimama mezani kwetu kutwa nzima akiwa na kisu. Alikishika kama mwiko, na safari hii aliyechekwa hakuwa mimi. Alipotoka midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi. Siku iliyofuata alituita sisi watatu, Mama Minza, Yunis na mimi, ofisini. Cherehani kilikuwa pale nyuma yake.

Aliongea taratibu. Alisema amempatia Yunis nafasi kwenye meza ya taa, ile ambayo mnofu unawekwa juu ya kioo chenye mwanga kutazama kama umebaki mwiba. Pale kidole kisichokunjika si tatizo. Lakini uongozi hauhamishi mtu aliye chini ya kiwango, na hesabu za mwaka huu haziwezi kubadilishwa katikati kwa sababu kuna meza nyingine zinazoshindana kwa haki. Kisha akamgeukia Mama Minza.

"Mama, minofu uliyompa ni kazi yako. Mama msimamizi anaweza kunisaidia kukadiria, nikairudisha kwako. Ikirudi, wewe ni wa kwanza. Ila ikirudi kwako itatoka kwake, na yeye atakuwa chini. Ikibaki ilipo, nitaandika kwamba meza ilisaidiana na mimi ndiye niliyeruhusu. Hapo cherehani kitakuwa cha Rehema wa meza ya pili."

Yunis alianza kulia bila sauti. Alisema, "Mama, chukua. Mimi nitauza dagaa."

Mama Minza alikitazama cherehani. Hakutazama haraka kama watu wanaotaka waonekane wema. Alitazama gurudumu lake, akatazama meza yake ya mbao, akatazama pale pa kukanyagia.

"Iacheni ilipo," alisema.

Akatoka. Mimi hakunisemesha kwa wiki kadhaa. Nilimsalimia shikamoo kila asubuhi na yeye akaitikia, maana salamu ni salamu, lakini hapakuwa na zaidi. Mwisho wa mwaka Rehema alipewa cherehani, na alikistahili, alikuwa amefanya kazi. Mama Minza alipiga makofi pamoja na wote. Siku iliyofuata, nilipokuwa nikipita mezani, alinyoosha mkono na kusema, "Mwiko, nipe jiwe la kunolea." Nikajua yamekwisha.

Yunis mpaka leo yuko meza ya taa, na ninyi mnaofanya naye kazi mnajua macho yake. Tangu akae pale sijasikia mzigo wetu umerudishwa kwa sababu ya mwiba.

Ezekieli alibadilisha zawadi zikawa za meza. Kwanza alituuliza tunataka nini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza. Yeye alidhani tutataka chakula cha hotelini. Meza zikaomba uji wa moto kabla ya kuingia kwenye baridi, na meza itakayoshinda ipewe gari la kiwanda siku moja, kwa ajili ya msiba au harusi ya mmoja wao. Alicheka, akaandika. Uji ule mnaokunywa kila asubuhi na kuulalamikia sukari, ulianzia hapo.

Sitawadanganya kwamba zawadi ya meza haina ubaya. Kuna mwaka meza moja ilimsema mwenzao aliyekuwa mjamzito mpaka akaomba kuhama, kwa sababu anawapunguzia ushindi. Watu wanaweza kuwa wakatili kwa pamoja vilevile. Nililazimika kukaa nao na kuwaambia wazi kwamba meza inayomtoa mtu ili ishinde haitashinda nikiwa mimi napima. Zawadi yoyote utakayoweka, mtu fulani itamsukuma. Kazi yako msimamizi ni kusimama mahali anaposukumiwa.

Mama Minza alistaafu, akarudi Magu. Hakushona sare. Alilima mahindi na viazi, na alipozeeka magoti yalimsumbua. Nilikwenda kumtembelea mara kadhaa, na mara ya mwisho alikuwa hatoki tena kitandani, lakini akili ilikuwa timamu. Nje watoto walikuwa wanatoka shule. Wengine sare zao zilikuwa zimepwaya, wengine zimewabana, zimenunuliwa mbali bila vipimo. Alikuwa anawatazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza kitu nilichokibeba miaka yote.

"Mama, kile cherehani, ulikijutia?"

Nilitegemea aseme hapana. Watu wazuri katika hadithi husema hapana.

"Nilikijutia," alisema. "Kila mwaka shule zinapofunguliwa nilikijutia. Ningekuwa na maisha mengine hapa."

Kisha akanigeukia.

"Yunis hajambo?"

"Hajambo. Mtoto wake wa kwanza anasomea uuguzi."

Aliitikia kwa kichwa, akatazama tena barabarani. "Basi siku ukiwasimulia watoto wa pale, usiwaambie kwamba nilitoa kwa moyo mwepesi. Mtu akisikia hivyo atadhani ni kitu kidogo. Waambie nilikitaka."

Alifariki baada ya mvua za masika. Meza yetu ilikuwa na siku yake ya gari, tukaenda nalo Magu, Yunis na Rehema wakiwa kiti kimoja. Sikulia pale makaburini. Nimelia baadaye, kidogo kidogo, nikiwa naosha vyombo.

Nimefanya kazi na watu wengi waliopewa zawadi. Najivunia wengi wao, na najivunia meza ile kuliko kitu chochote nilichowahi kusimamia. Ninyi mnaobaki mtagawa zawadi zenu, na nyingi zitakuwa nzuri kuliko za wakati wetu. Siku moja mtamwona mtu ameiacha yake ipite kwa ajili ya mwenzake, na mtapiga makofi na kusema ana moyo wa dhahabu. Kabla ya makofi, nendeni mkamuulize alikuwa anataka kuifanyia nini. Mama Minza alikuwa anataka kushona sare za watoto wa kijiji chake. Alikitaka sana cherehani kile, na akakiacha.